Sikio la Jumamosi

3 Machi

Kwa Fundi,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka tangu utotoni. Ni saa ya mkono ya Baba, imebanwa kwenye sikio langu la kulia, huku kidole chake kimeziba la kushoto. Tak, tak, tak, tak. Sawa kwa sawa, kama mtu mwenye viatu vipya anayepita kwenye ukumbi mtupu. "Anatembea au anachechemea?" Baba angeuliza. Nikijibu sawasawa, ananipa niitie ufunguo mwenyewe, taratibu, mpaka ukatae. Nikikosea, naambiwa nisikilize tena.

Ndiyo maana nakuandikia. Saa ya Baba uliyonirudishia kwa kifurushi inachechemea.

Uso wake ni ule ule uliogeuka rangi ukawa kama chai ya maziwa. Mishale ya buluu ni yenyewe. Hata mkwaruzo wa kwenye kioo, karibu na namba tisa, upo. Lakini nikiiweka sikioni nasikia tak-tak, kimya, tak-tak, kimya. Nje ni yeye, ndani ni mgeni.

Nilikuletea itiwe mafuta tu, kwa sababu ililala kwenye droo tangu msiba. Sikuomba jambo jingine. Nimekupigia simu mara nyingi. Siku moja tu ulipokea, ukasema, "Niandikie, niandikie," ukakata kabla sijamaliza salamu.

Sikushutumu. Nauliza tu, ni kitu gani kimebadilishwa?

Binti wa marehemu


9 Machi

Binti yangu,

Nimesoma barua yako nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Baba yako aliwahi kuniambia, "Huyu kitinda mimba wangu akikutazama, unahisi umeiba hata kama umeketi tu." Sasa naona hakutia chumvi. Na kwa kuwa kazi yako ni kukagua hesabu za watu, kuanzia leo nakuita Mkaguzi.

Saa ni ile ile. Niliifungua, nikaiosha, nikaitia mafuta, nikaifunga. Haikubadilishwa hata skrubu. Ukifungua kifuniko cha nyuma utakuta upande wa ndani kumekwaruzwa alama ndogo ndogo. Sisi mafundi tuna desturi hiyo, kila aliyeitibu saa huacha alama yake. Wa kwanza aliacha msalaba, wa pili herufi ambayo hata mimi sijaielewa. Yangu ni samaki. Hao ndio waliowahi kuigusa, basi.

Kuhusu simu, mimi na simu hatuivi chungu kimoja. Mteja wa simu husema kabla hajafikiri. Wa barua hufikiri kwanza.

Irudishe niitazame upya. Ila tafadhali, usimpe fundi mwingine aifungue.

Fundi


14 Machi

Kwa Fundi,

Saa imo ndani ya kifurushi hiki, nimeifunga kwa pamba.

Habari za samaki wako nimezielewa. Lakini kifuniko ni ganda tu. Mtu anaweza kuliacha ganda la yai la zamani na kuweka ndani kifaranga cha jirani. Na mtu asiye na la kuficha haombi saa isifunguliwe na mwingine.

Nina maswali mawili, na kwa kuwa unapenda watu wanaofikiri kwanza, ujue nimeyafikiria.

La kwanza. Siku ya mazishi nilikusogelea, nikakuuliza kwa upole Baba alikuwa akija kufanya nini dukani kwako kila Jumamosi, miaka yote hiyo. Ulinitazama, ukatikisa kichwa, ukasema, "Asante mwanangu, asante," ukaondoka. Nani hujibu swali kwa asante?

La pili. Nilipokuwa mdogo Baba alikuwa akinichukua twende wote kwako. Kila alipoingia, kabla hata ya salamu, aligonga meza yako mara mbili kwa kifundo cha kidole. Ndipo wewe ungeinua kichwa. Nilidhani ni mchezo wenu. Leo najiuliza ilikuwa ishara ya nini, na kwa nini watu wawili wazima walihitaji ishara.

Binti wa marehemu


27 Machi

Mkaguzi,

Haya, imerudi. Nimeishughulikia siku tatu mfululizo, kazi nyingine zote zikangoja. Sasa inatembea kama askari wa gwaride. Ivae bila wasiwasi.

Ya Jumamosi yalikuwa soga za wazee. Baba yako alipenda saa za zamani kuliko watu wengi wanavyopenda ndugu zao. Alikuja kuzitazama, nami nilipenda kutazama anavyozitazama. Ananunua saa, anaileta, tunaifungua pamoja, tunaisifu au tunaitukana. Alikuwa hapendi kabisa saa iliyopakwa rangi upya usoni. Alisema ni sawa na bibi aliyepaka nywele rangi nyeusi ili aolewe tena. Ni hayo tu.

Mwache baba yako apumzike, binti yangu.

Fundi


2 Aprili

Mwanangu,

Umeniuliza juu ya Fundi. Nilikuwa nimenyamaza kwa kuwa marehemu hasemwi, lakini umeuliza mwenyewe, basi sikia.

Mimi sikumpenda yule mtu tangu zamani. Jumamosi ya watu wengine ni kupumzika na wake zao. Ya baba yako ilikuwa kuvaa shati safi na kwenda kukaa kwenye stuli ya Fundi. Nikisema, nyumba hii ina viti, ananiambia, "Mama watoto, kile kina kazi." Kiti kina kazi gani?

Sasa yule rafiki yangu muuza vitambaa, ambaye duka lake limepakana na la Fundi, aliniita pembeni mwaka juzi. Akanambia, "Shoga, mumeo na Fundi kila Jumamosi wanagombana. Mumeo anasikika mpaka barabarani. 'Bado! Hiyo bado! Bado, nimekwambia!' Mwenzake hata hajibu." Na kweli, alikuwa akirudi sauti imemkauka, anaomba maji ya moto. Nikimwuliza anasema walikuwa wanabishana mpira. Baba yako na mpira! Mtu ambaye hakujua kipa husimama upande gani.

Nikajua kuna kitu chake ambacho Fundi hajakirudisha, na yeye anaona haya kuniambia. Saa ngapi zilipita pale? Nani alizihesabu? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja njiani.

Fanya unaloona sawa, lakini usiende kule peke yako. Na kula vizuri, kwenye picha uliyotuma shingo imekuwa ndefu.

Mama yako


6 Aprili

Kwa Fundi,

Inatembea kama askari wa gwaride, umesema. Basi askari huyo alipigwa risasi ya goti.

Niliiweka sikioni kwa mama mwenye nyumba yangu, mtu ambaye maisha yake yote amejua wakati kwa kutazama dirishani. Akasikiliza, akasema, "Maskini, huyu mguu unamuuma." Yeye amesikia. Wewe uliyeishi na saa tangu ujana unaniandikia upuuzi kuhusu gwaride. Kuna mawili hapa. Ama ulidhani binti hataisikiliza, ataivaa tu kama bangili, ama ulijua ataisikia ukaamua kumcheka.

Sasa najua pia kwamba Baba alikuwa akikupigia kelele kila Jumamosi, "Bado! Bado!", nawe ukikaa kimya. Alikuwa akidai kitu. Ulimchosha mpaka akafa akiwa bado anadai.

Hii si saa tu kwangu. Sina sauti ya Baba popote. Hakupenda kurekodiwa, na simu yake ya mwisho ilipotea hospitali. Kilichobaki chake cha kusikika ni mwendo ule, nawe umeutoa ukaniachia ganda.

Nimemwandikia Katibu wa Chama cha Wakusanyaji Saa, chama alichokuwemo Baba. Nimemweleza kwamba fundi ambaye wanachama wake wanampa saa zao hubadilisha matumbo ya saa na kurudisha ngozi. Sikutumia neno laini.

Binti wa marehemu


20 Aprili

Mkaguzi,

Barua yako kwa Katibu imefika, nimeona matunda yake. Alikuja na begi, akaondoa saa zote za wanachama, nzima na zilizofunguliwa. Moja aliichukua vipande, kwenye kikopo. Aliongea sana huku midomo inakwenda mbio. Mimi nilikuwa nikitazama begi. Baada yake walikuja wawili watatu wasio hata wanachama, wakachukua zao. Sasa mbele yangu ipo saa ya ukutani ya shule na miwani ya mtu aliyeomba nimkazie skrubu.

Sitajitetea sana. Nakuachia jambo moja tu ulikague, maana ndiyo kazi yako. Mwizi mwenye akili akitoa mashine ya saa huweka nyingine nzuri, ili usirudi. Iweje mimi niibe, niweke mbovu, kisha niiombe irudi mezani kwangu, kisha niirudishe mbovu tena, tena kwa majigambo? Mwizi gani huyo? Hata kwenye wizi ningefukuzwa kazi.

Duka liko wazi. Njoo Jumamosi. Usinitumie habari kwamba unakuja. Fungua kila droo, tafuta mashine ya baba yako. Ukiikuta, nipeleke unakotaka.

Fundi


28 Aprili

Kwa Fundi,

Nilikuja. Hujui kwamba nilikuja, na hilo ndilo ninaloandikia.

Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa umenipa mgongo, umeinamia saa ya ile shule, lensi jichoni, unaimba kwa pumzi. Nikasema, "Hodi." Ukaendelea. Nikasema hodi ya pili kwa sauti. Nikaona ni dharau, umenisikia ila unataka nisimame mlangoni kama mdai. Damu ikanichemka. Nikasema neno ambalo sijawahi kumwambia mtu aliye umri wa baba yangu. Nililisema wazi, nikiwa hatua chache tu nyuma ya shingo yako. Wewe ukageuza bisibisi, ukaendelea kuimba.

Hapo ndipo saa ya kengele iliyo kwenye rafu juu ya kichwa chako ilipolia. Ile ya kijani, yenye kengele mbili. Muuza vitambaa wa jirani alipiga kelele, "Jamani, izimeni hiyo!" Mimi mwenyewe niliziba masikio. Wewe hukuinua hata nyusi. Ililia mpaka ikaishiwa. Kisha ulinyoosha mkono kuchukua kitambaa, ukaigusa rafu, ukahisi mtetemo wa mwisho, ukaitazama ile saa kama mtu aliyekuta mgeni sebuleni.

Niliondoka kimyakimya, ingawa sasa najua sikuwa na haja ya kunyata.

Kwenye basi nilirudia hesabu zangu zote tangu mwanzo. Simu. "Asante mwanangu." Kugonga meza. Midomo ya Katibu. "Bado! Bado!" Kila shilingi niliyoiandika upande wa wizi ilihamia upande mwingine, na jumla ikawa ile ile. Sijawahi kuona ukaguzi wa namna hiyo, namba zote sahihi na jibu lote kosa.

Tangu lini? Na Baba alikuwa nani kwako?

Mimi


4 Mei

Mkaguzi,

Neno ulilolisema nyuma yangu, kaa nalo mwenyewe. Faida moja ya hali yangu ni hiyo.

Tangu ulipokuwa unavaa sare ya shule ya msingi. Zilianza kufa sauti ndogo, za saa za kike. Kisha za mkono za kiume. Baba yako aligundua kabla sijajikubalia mwenyewe. Alileta saa, akasema inachechemea. Nikasema haichechemei. Akaiweka sikioni kwangu, akanitazama usoni. Jumamosi iliyofuata alikuja na shati safi, akavuta stuli, akaketi. Hatukuwahi kulizungumza hadi leo naliandika.

Ukiosha saa lazima utoe gurudumu lake la mizani, lile linalokwenda huku na huku. Kulirudisha katikati kwa jicho unafika karibu, lakini sikio ndilo humaliza. Mimi nilisogeza kwa ncha ya koleo, yeye akasikiliza. "Bado." Nasogeza. "Bado!" Nasogeza. "Hapo!" Na ili nimsikie ilimbidi apige kelele, mwaka baada ya mwaka zaidi kidogo. Siku mama yako alipomwuliza kwa nini sauti imemkauka, lililomjia mdomoni ni kwamba tunabishana mpira. Tulicheka sana. Yeye alicheka, mimi niliona mabega.

Ipo mashine inayosikiliza badala ya mtu. Baba yako alitaka tuinunue. Nilikataa, kwa sababu siku itakayokaa mezani kwangu kila mteja atauliza kwa nini nimeihitaji leo, na sikuihitaji jana. Ni kiburi, najua.

Saa yake ndiyo ya kwanza niliyoifunga bila yeye. Niliiweka sikioni kama mjinga, nikangoja. Kisha nikakuandikia habari za gwaride. Ningekuandikia nini?

Sasa nakuomba, na sikuombi jingine. Usiwaambie. Umeshaanza kuandika barua ya kunisafisha kichwani mwako, nakujua kwa maandishi. Iache. Katibu ananiita mwizi, sawa. Mwizi watu humfungia mlango, lakini hawamwonei huruma, na siku moja wanaweza kumsamehe. Wakijua nilivyo, watakuja na sukari, watanipigia kelele usoni taratibu kama mtoto, na saa hawatanipa tena. Mwizi ana toba. Fundi saa kiziwi hana.

Mashine ya baba yako ni ile ile. Mguu umeteguka tu.

Fundi


11 Mei

Fundi wangu,

Nimesoma ombi lako mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo. Kukusafisha kwa ukweli ni kukuvua nguo mbele ya Chama. Kunyamaza ni kukuacha umelowa uchafu nilioumwaga mimi. Kwa hiyo sikufanya hata moja, na usijaribu kunizuia kwa sababu umeshachelewa.

Nimemwandikia Katibu kwamba saa niliiangusha mwenyewe kwenye sakafu ya bafu, nikaona haya, nikamsingizia fundi asiye na hatia. Hakukawia kujibu, mtu yule hupenda kujibu. Anasema amesikitishwa mno. Anasema kiti cha Baba kwenye Chama, ambacho walikuwa wamefikiria kunipa, hawatanipa, na wanachama wameshauriwa wasinunue wala kubadilishana nami saa yoyote, maana mtu anayeangusha na kusingizia hawezi kuaminiwa kwa historia ya saa. Ameongeza kwamba wewe utaombwa radhi kwa maandishi. Ikija, ipokee kwa uso wa mtu aliyeonewa. Unao.

Mama aliuliza nimepata nini. Nimemwambia wewe na Baba mlikuwa mnabishana mpira kweli. Akasema, "Basi alinificha hata timu yake." Bado hakupendi, lakini sasa ni kwa sababu ndogo.

Sijapona kushuku. Nimebaki na shaka moja, nayo ni juu ya Baba. Miaka ile ile alipoanza kukaa kwenye stuli yako ndiyo miaka aliyonibana saa sikioni na kuniziba la pili kwa kidole. Nilidhani ni mapenzi tu. Sasa sijui kama alikuwa akinibembeleza au akimwandaa wa kumrithi kwenye stuli ile. Nimemkagua kila upande, na hesabu inakubali yote mawili. Hilo sijamsamehe kabisa.

Barua hii haikupita posta. Unaisoma kwa sababu nimeiweka mwenyewe juu ya meza yako, kando ya koleo, nikagonga mara mbili. Stuli nimeshaivuta. Kifuniko cha saa nimekifungua, na samaki wako nimemwona. Anza kusogeza. Nikisema "bado", ujue utanisikia, maana nimerithi na koo lake.

Mkaguzi